Sikio la Mgonga Vyungu

Chungu kizima ukikigonga huitika. Chenye ufa hukohoa. Hiyo ndiyo elimu yote ya meza ya kugongea, na Bi Kengele alikuwa nayo kwa miaka tisa. Alikaa kwenye kigoda karibu na mlango wa tanuri, kijiti cha mti mgumu mkononi, na kila kilichotoka motoni kilipita kwake kwanza. Alikigonga mara tatu: mdomoni, tumboni, kitakoni. Kikiitika alikichora alama ya chaki, mpakiaji akakichukua na kukilaza kwenye majani makavu. Kikikohoa, alikivunja.

Alikivunja yeye mwenyewe, palepale, mbele ya aliyekifinyanga. Sheria hiyo ilikuwa na sababu. Zamani vyungu vibovu viliwekwa kando, wajanja wakaziba ufa kwa majivu na uji wa udongo, wakaviuza uchochoroni kwa jina la karakana. Tangu hapo ikaamuliwa kwamba kibovu hakilali. Mfinyanzi huitwa, husimama, huiona kazi yake ikiwa vigae, halafu hurudi kwenye gurudumu lake. Habishani mtu. "Sikio limesema," husema watu, na maneno yamekwisha.

Aliyemfundisha kugonga alikuwa shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe. Alipofiwa, ndiye aliyemshika mkono akamleta karakanani, akamkalisha juu ya kreti siku tatu mfululizo, akamwambia, "Funga macho, shemeji, uniambie nani mgonjwa na nani mzima." Kwa kuwa yeye alimwita shemeji, karakana nzima ikamwita Shemeji, hata wanaume ambao hawakuwa na dada wa kumwoza. Mwenyewe alisema ana mashemeji wengi kuliko mfalme, na wake hana hata mmoja.

Wafinyanzi wengine walitengeneza vyungu vya kupikia, vinene, vyenye sauti nzito ya baba mwenye nyumba. Shemeji alitengeneza mitungi ya maji. Ukuta wake ulikuwa mwembamba, na sauti yake ilikuwa ya juu, nyembamba pia, kama mtoto wa kike anayeitwa na mama yake akaitikia kutoka chumba cha mbali.

Sauti hiyo ndiyo iliyoanza kupotea.

Ilianza taratibu, na kwa sababu ya bidii. Fundi mzuri hunoa chombo chake kabla ya kazi, na chombo cha Bi Kengele kilikuwa sikio. Kila asubuhi, kabla ya kukaa, alilisafisha. Alianza na vijiti vya pamba. Vumbi la tanuri lilipozidi akaongeza pini ya nywele, ule upande uliopinda. Kikitoka kidogo chenye rangi ya kahawia alifurahi, akaona amefanya kazi. Kilichokuwa kinaingia ndani zaidi hakukiona. Kadiri alivyosikia vibaya ndivyo alivyosafisha zaidi, na kadiri alivyosafisha ndivyo alivyosikia vibaya.

Siku ya kwanza mitungi miwili ya Shemeji ilikohoa. Akamwita, akaivunja. Wiki iliyofuata ikawa mitano. Halafu Ijumaa moja, saba. Vyungu vinene vya wengine aliendelea kuvisikia, kwa kuwa sauti yao nzito ilipita hata kwenye mfupa wa mkono. Kwa hiyo hakufikiri kwamba ana ugonjwa. Alifikiri mkono wa Shemeji umechoka.

Na hakuweza kumuuliza, maana kati yao palikuwa na jambo. Mwezi mmoja kabla, ukoo wa marehemu ulikuwa umemtuma Shemeji kwake. Kile chumba cha uani alichoachiwa na mumewe kilikuwa kinatakiwa. Mtoto wa kaka yao mkubwa alikuwa anaoa, na watu wawili hawalali barazani. Shemeji alisimama mlangoni anazungusha kofia mikononi, akayasema yale maneno yote bila kumtazama.

"Waambie nimewasikia," Bi Kengele alijibu. "Na wewe uliyekubali kutumwa, nimekusikia pia."

Alifunga mlango. Tangu siku hiyo walisalimiana kama watu wawili waliokutana kwenye foleni. Zamani, saa ya chai, Shemeji alikuwa hapiti mezani kwake bila kutupa neno la kuchekesha. Sasa alipita tu.

Jumamosi msimamizi alikuja mezani, akasema jambo. Bi Kengele aliona mdomo ukicheza.

"Anasema Shemeji atoke kwenye gurudumu!" mpakiaji alimpazia sauti. Mpakiaji huyo alikuwa msichana mwembamba mwenye majani kwenye nywele saa zote, na ulimi wake haukuwa na mlango. "Kuanzia Jumanne aende shimoni kukanyaga udongo! Dada, mbona siku hizi unaitwa mara tatu? Kengele imekatika ulimi?"

"Nilikuwa na mawazo."

"Mawazo yako yana kelele basi!"

Mtungi wa mwisho wa siku hiyo ulikuwa wa Shemeji. Bi Kengele aliugonga mdomoni, tumboni, kitakoni. Tup, tup, tup. Ulikuwa umekufa. Akainua kichwa amwite, akamwona kwa mbali ameinamia pipa, ananawa mikono polepole, kidole kwa kidole, mikono ambayo Jumanne ingehamia shimoni. Hakumwita. Alisubiri mpakiaji ageuke, akauviringisha mtungi ndani ya shuka lake, akautia kwenye kikapu. Kwa miaka tisa hakuwahi kutoka na kibovu. Alitembea hadi nyumbani kama mtu aliyeiba mtoto.

Chumbani aliuweka juu ya gazeti, akaujaza maji ili autupie ufa wake macho. Mtungi wenye ufa hulia mahali pamoja, maji yakashuka kwa mstari mmoja hadi chini. Mtungi mzima hutoka jasho mwili mzima, kidogo kidogo, kisha hutulia. Hilo alilijua hata kabla hajajua kugonga.

Jumapili aliamka akautazama. Mwili wote ulikuwa na unyevunyevu, sawasawa, kama paji la uso la mtu aliyetoka kutembea. Mstari haukuwepo. Aliuzungusha. Haukuwepo. Akaketi kitandani, mikono mapajani, akautazama tena hadi jua lilipohama kutoka dirishani kwenda ukutani. Hakukuwa na mtu wa kumwambia njoo uone. Chumba kilikuwa kimya hata akajikohoza ili asikie kama yupo.

Adhuhuri simu ilitetemeka juu ya meza. Alikuwa mwanawe, aliyefanya kazi mbali na kupiga Jumapili kwa Jumapili. Bi Kengele aliibana simu sikioni kama anayeziba jeraha. Sauti ya mtoto ilikuja kama ya mtu aliyefunikwa godoro.

"Ndiyo, baba," alisema.

Mtoto akasema jambo refu.

"Ndiyo. Ndiyo, mwanangu."

Akauliza kitu kifupi.

"Ndiyo. Mtandao mbaya."

Simu ikakatika, hakujua ni mtandao kweli au ni mtu. Akabaki na swali la nini alichokiitikia mara nne.

Ndipo akauondoa mtungi kwenye gazeti. Gazeti lilikuwa limelowa duara dogo la kitako tu, duara kamili la jasho. Maji mtungini hayakupungua hata upana wa kidole. Akayamwaga, akachukua kijiko, akaugonga. Tup. Akaugonga tena, safari hii ameuma mpini wa kijiko kwa meno. Mlio ukamwingia kupitia taya, mwembamba, wa juu, msafi, ukamzunguka kichwani.

Mtungi ulikuwa mzima. Mwenye ufa alikuwa yeye.

Alianza kuhesabu nyuma. Miwili, mitano, minne, mitatu, saba, mingine. Alipofika thelathini na moja aliacha, akajilaza ubavu akiwa amevaa viatu.

Jumatatu asubuhi aliomba ruhusa akaenda zahanati. Muuguzi alikuwa kijana mpana wa mabega, mwenye kurunzi ndogo yenye mdomo mwembamba. Alimkalisha, akalivuta sikio juu na nyuma, akachungulia. Akahamia la pili. Akapiga mluzi, ambao Bi Kengele aliuona bila kuusikia.

"Mama, humu ndani umejenga ukuta!" alisema karibu na uso wake ili amsome midomo. "La kulia limeziba kabisa. La kushoto limebakiza tundu la sindano. Unalichokonoa na nini?"

Bi Kengele alitoa pini kichwani, akaiweka mezani kama silaha inayosalimishwa.

"Kila siku?"

"Kila asubuhi. Nataka liwe safi. Ndiyo kazi yangu."

Muuguzi akavuta kiti. "Sikiliza. Samahani, nitazame. Nta ya sikio si uchafu. Ni mlinzi. Inanasa vumbi, kisha inatoka yenyewe, taratibu, ukitafuna, ukiongea. Wewe kila ikija mlangoni unairudisha ndani kwa kijiti. Imeshindiliwa kama udongo."

"Naujua udongo," alisema Bi Kengele.

Muuguzi alimuuliza kama sikio linauma, kama linatoa usaha, kama aliwahi kuambiwa kiwambo chake kimetoboka au kufanyiwa upasuaji wa sikio, kama ana kisukari. Kwa yote alijibu hapana. "Vizuri. Ungeniambia ndiyo, tusingetia kitu humo mpaka daktari aone. Sasa, leo sikuoshi. Imekauka mno, nitakuumiza bure. Chukua mafuta haya ya zeituni. Kichupa ukishike kiganjani kwanza mpaka kipate joto la mwili wako. Lala ubavu, matone mawili au matatu, tulia dakika kumi, kisha geuka. Asubuhi na jioni, siku tano. Jumamosi njoo nikuoshe kwa maji ya uvuguvugu."

"Leo haiwezekani hata kidogo? Nitakaza meno."

"Haiwezekani. Tena nikuonye, nta ikilowa huvimba. Katikati ya wiki utasikia vibaya kuliko leo. Usiogope, na usirudi kwenye pini. Likiuma au ukipata kizunguzungu, acha mafuta, uje."

"Na kule kuchoma mshumaa wa karatasi sikioni? Msichana wa kazini anasema shangazi yake hufanya."

"Yale masizi anayokuonyesha shangazi ni ya mshumaa wenyewe. Sikio halitoi kitu, ila linaweza kuungua, na nywele pia." Akacheka. "Wanasema sikio la kufa halisikii dawa. Hili lako si la kufa, mama. Litasikia. Lipe siku tano tu."

Siku tano. Bi Kengele alirudi kazini mchana akizigeuza kichwani. Jumamosi sikio lingefunguka. Jumatatu ijayo angekaa mezani kwake kama kawaida, mitungi ingeitika, na nani angejua? Watu wangesema udongo ulikuwa mbaya, sasa ni mzuri. Hasara ilikuwa moja tu. Kesho yake Shemeji angeshuka shimoni, na aliyeshuka shimoni hakuwahi kupandishwa, maana gurudumu likiachwa hupata mwenyewe mara moja. Mchana ule alikuwa anagonga kwa kujifanya. Mitungi yote ya Shemeji aliitia chaki bila kuisikia, na kila chaki ilimkwaruza.

Jumanne asubuhi Shemeji alivua aproni yake. Aliikunja mara mbili, akaikunja tena, akatafuta mahali pa kuiweka, akaona hapana, akaishika. Wafinyanzi wenzake waliyaangalia magurudumu yao. Msimamizi alisimama na mikono nyuma.

Bi Kengele aliinuka. Kigoda kilianguka, hakukisikia.

"Ni sikio langu!" alisema. Hakujua kwamba alikuwa anapiga kelele. Karakana nzima ilisimama, hata aliyekuwa anachochea tanuri alichungulia. "Mitungi yake ilikuwa mizima! Ni mimi nisiyesikia! Nimeziba, nimekwenda zahanati, nimeambiwa! Nimevunja mitungi thelathini na moja, na ubovu ulikuwa kwangu!"

Msimamizi alisogea. Alikuwa mtu wa haki, lakini haki yake ilikuwa ya baridi. Aliongea polepole, uso kwa uso. "Yote thelathini na moja mizima?"

"Sijui. Labda miwili mitatu ilikuwa mibovu kweli. Sijui, ndiyo maana nasema."

Shemeji alikuja akasimama upande wake wa kushoto, wa sikio lile lenye tundu la sindano. Hakupaza sauti sana, ila alikuwa karibu kiasi kwamba maneno yalimfikia pamoja na pumzi.

"Hakukuwa na mbovu hata mmoja."

"Umejuaje?"

"Kila jioni nilikwenda kwenye lundo la vigae. Niliokota vigae vyangu nikatazama kingo. Ufa wa motoni huingiwa na moshi, ukingo wake unakuwa mweusi. Vyangu vyote vilikuwa vyekundu, safi."

Bi Kengele alimtazama. "Ulijua. Na ukasimama hapa kila nilipokuita."

"Nilisimama."

"Kwa nini hukusema?"

Shemeji aliangalia aproni mkononi. "Nilidhani unanilipa. Kwa ajili ya chumba." Akaikunjua. "Nikasema, acha anilipe amalize."

Akaenda kwenye gurudumu lake, akavaa aproni, akakaa kuwapa mgongo.

Kuna maneno ambayo mtu angeomba yamkute kiziwi kabisa. Hayo yalipita kwenye tundu dogo, yakaingia yote. Mara thelathini na moja mtu yule alikuwa amesimama mbele yake akiamini kwamba anachapwa, na amekubali. Kwa wiki zote zile alikuwa na shemeji wa namna hiyo, anayelala ng'ambo ya barabara tu, naye anadhani hana mtu.

Msimamizi alitoa hukumu yake. Shemeji abaki. Mitungi ya wiki ile ijaribiwe kwa maji. Bi Kengele akae na mpakiaji hadi Jumatatu. "Jumatatu utagonga kumi mbele yangu. Ukishindwa, kigoda nitampa mwingine. Sikio halipiti kichwa, lakini hapa linapita."

Siku zile zilikuwa ndefu. Asubuhi na jioni alilala ubavu kitandani, kichupa kiganjani hadi kipate joto, kisha tone, tone, tone. Mafuta yalishuka kama mdudu asiye na haraka. Akahesabu dakika kumi kwa kuangalia saa ya ukutani, akageuka. Kama muuguzi alivyosema, mambo yalizidi kuwa mabaya. Kufikia Alhamisi hakusikia hata nyayo zake. Kazini alipakia vyungu kwenye majani na kuona midomo. Watu hawakumchukia. Walichoka tu kurudia. Mtu hukuuliza mara moja, akakuuliza ya pili, ya tatu anakupungia mkono na kuondoka akisema si kitu, na hizo si kitu zikikusanyika siku nzima zinakuwa kitu. Mpakiaji peke yake aliendelea, kwa ishara. Alimwigizia msimamizi anavyotembea, akamwigizia shangazi yake na mshumaa, akaungua nywele za uongo, akafa. Bi Kengele alicheka bila kujua kicheko chake kina sauti gani.

Shemeji hakuja. Saa ya chai alikunywa chake palepale kwenye gurudumu.

Jumamosi muuguzi alimfunika bega kwa taulo, akampa bakuli la bati alishike chini ya sikio. Alijaribu maji kwenye kifundo cha mkono wake kwanza. "Lazima yawe na joto la mwili. Ya baridi yangekuzungushia chumba hiki kama gurudumu la kwenu." Akavuta sikio juu na nyuma, akaelekeza bomba lisilo na sindano pembeni, si katikati, akasukuma polepole. Maji yaliingia yakatoka. Yakaingia yakatoka. Mara ya nne kitu kililegea, kikaanguka ndani ya bakuli, cheusi, kikubwa kama kokwa.

Na dunia ikaingia.

Iliingia yote pamoja bila kupiga hodi. Kiti kiliguna. Funguo zilianguka ukumbini. Bati la bakuli lilikuwa linalia chini ya vidole vyake. Muuguzi alisema, "Pole, la pili sasa," na kumbe alikuwa na sauti ya kukwaruza, ya mtu aliyeamka na mafua. Bi Kengele aliona machozi yanashuka, akamwambia ni maji.

"Yanatokea hayo maji," alisema muuguzi. Alipomaliza alichungulia tena. "Kiwambo kizima, kinang'aa. Ukitaka kusafisha, kitambaa chenye unyevu, kwa kidole, huku nje tu. Ndani kuna mwenyewe. Na tanuri likiwa na vumbi, funga kitambaa kichwani, usizibe kwa pamba."

Alitembea nyumbani akisikia viatu vyake. Alifungua mlango, akaufunga, akasimama katikati ya chumba akisubiri. Saa ya ukutani iligonga sekunde zake. Bomba la jirani lilidondosha maji. Halafu basi. Kwa wiki nzima alikuwa akililaumu sikio kwa kimya kile. Sikio lilikuwa limefunguka, na kimya kilikuwepo bado, kimekaa kitandani kama mwenye chumba.

Hakusubiri Jumapili. Alimpigia mwanawe.

"Mama! Leo unanisikia?"

"Nakusikia hadi unavyopumua. Niambie, Jumapili uliniuliza nini?"

"Nilikuuliza kama ni sawa nikifuta safari ya kuja mwisho wa mwaka, nichukue zamu. Nikakuuliza kama una hakika. Ulisema ndiyo tu, ndiyo tu, kama mtu aliyekasirika. Nimeshasaini zamu, mama."

"Sikukasirika," alisema. "Nilikuwa nimeziba." Akamweleza kuhusu pini na mafuta na kokwa jeusi, na mtoto akacheka mahali pa kuchekesha, na zamu ikabaki imesainiwa.

Jumatatu mitungi kumi ya Shemeji ilipangwa mezani, bado ina joto. Msimamizi alisimama upande mmoja. Shemeji aliitwa, maana sheria ni sheria, akasimama upande mwingine na udongo mbichi hadi kwenye viwiko. Mpakiaji alikuwa ametulia, majani mkononi, kwa mara ya kwanza katika maisha yake.

Bi Kengele aligonga wa kwanza. Uliitika. Wa pili ukaitika, wa tatu, wa nne, kila mmoja na lafudhi yake. Chaki, chaki, chaki. Kufikia wa tisa mpakiaji alikuwa ameanza kutabasamu.

Wa kumi ulikohoa.

Aliugonga tena. Mdomoni uliitika. Tumboni uliitika. Kitakoni ulikohoa, kikohozi kidogo, kikavu, kama cha mgonjwa anayeficha ugonjwa mbele ya wageni. Angeweza kuupaka chaki. Baada ya thelathini na moja, nani angemlaumu kwa mmoja? Aliinua uso, akawaona wote wanamsubiri.

"Huu una ufa," alisema. "Kitakoni."

Msimamizi alivuta pumzi. "Unaanza tena?"

"Una ufa."

"Dada," mpakiaji alinong'ona, "useme mzima tu, tutautia maji baadaye." Akamsikia kila herufi.

"Utiwe maji sasa, tusubiri hadi kesho," alisema msimamizi. "Sivunji kwa sikio hili tena."

Bi Kengele aliweka kijiti chini. Alichokuwa nacho ni kikohozi kile alichokisikia, na hakikuwa na shahidi.

Shemeji alimtazama, kwa mara ya kwanza tangu siku ya chumba. Alimtazama muda mrefu, kama anavyotazama udongo kabla ya kuuweka kwenye gurudumu.

"Vunja," alisema.

"Shemeji," msimamizi alianza.

"Mtungi ni wangu. Nimeitwa, nimesimama. Vunja, shemeji."

Aliunyanyua. Ulikuwa wa uvuguvugu na mwepesi. Akaupiga kwenye jiwe, na safari hii aliusikia ukivunjika, sauti yote, hadi kigae cha mwisho kilipoacha kuzunguka sakafuni. Shemeji alichuchumaa. Alivipekua vigae vya kitako, kimoja, kingine. Akainua kimoja karibu na mwanga, akapitisha kidole gumba kwenye ukingo wake, na kidole kikatoka cheusi kwa moshi. Alimwonyesha msimamizi kile kidole, akakifuta kwenye aproni, akarudi kazini.

"Endelea na vyungu," alisema msimamizi, na akaenda zake.

Saa ya chai mpakiaji alikwenda uani na wenzake. Bi Kengele alibaki mezani. Alisikia gurudumu likipunguza mwendo, likisimama. Alisikia maji ya pipa, halafu nyayo. Shemeji alivuta kreti, akakaa, kikombe mkononi.

"Chumba bado wanakitaka," alisema kwa sauti ya chini, ya kawaida.

"Najua."

"Nimewaambia wamtume mwingine."

Hakutupa mzaha wa zamani, wala hakuutafuta. Alikunywa. Bi Kengele naye akakaa na mikono yake mapajani, akamsikia anavyomeza chai.